Gesi Iko Jikoni, Mbona Mathe Bado Ananunua Makaa? Swali Ambalo Mipango ya Tabianchi Husahau

Ingia jikoni kwa ploti yoyote Kayole ama Kawangware. Utapata mtungi wa gesi wa kilo 6, na kando yake jiko la makaa. Chai na mayai ni za gesi. Maharagwe na githeri ni za makaa, na haijalishi ni nani ameongea kwa TV kuhusu nishati safi.

Mtu wa kuhesabu mitungi akiona hiyo keja, anaiandika kwa list ya waliohama makaa. Mtu wa sosholojia, ile kozi wasee hucheka ati haina kazi, atakaa na mathe siku nzima halafu akuambie ukweli: gesi haikufukuza makaa, iliongezwa tu kando yake.

Hiyo tofauti si ndogo. Kenya iliahidi kwamba kufikia 2030 itapunguza hewa chafu kwa asilimia 32, ukilinganisha na vile ingekuwa kama hakuna kitu kimefanywa. Ukihesabu mitungi na husahau sufuria ya maharagwe, unajidanganya.

Shida ni mfuko, si ujinga

Msee wa kibarua analipwa jioni. Makaa anauziwa kwa mkebe, ya leo tu. Mtungi nao unataka doo yote mara moja. Halafu Julai 2021 serikali ikarudisha VAT ya asilimia 16 kwa gesi, ikaishusha hadi asilimia 8 mwaka 2022, na 2023 ndio ikatolewa. Yaani mkono mmoja ulituambia tuache makaa, ule mwingine ukapandisha bei ya kitu cha kutusaidia kuyaacha.

Waliokuja na mita ya gesi, ile unalipia kwa simu kidogo kidogo, hao walielewa mtaa unaishi aje.

Upepo ulikuwepo, watu wakakataa

Cheki pia stori ya Kinangop, kule Nyandarua. Mradi ulikuwa wa mitambo 38 ya upepo, karibu megawati 60. Upepo ulipimwa, wawekezaji walipatikana. Lakini wakulima walikuwa na maswali yao: hili shamba litabaki langu? Nitalipwa aje? Tutahamishwa? Majibu hayakuwaridhisha, maandamano yakaanza, na 2016 mradi ukafa. Upepo wa Kinangop haujaenda mahali. Kilichokosekana ni kuaminiana.

Kule Marsabit, mitambo 365 inazunguka na umeme unakuja hadi kwa stima yako. Lakini Oktoba 2021 mahakama ya ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ile ardhi hazikutolewa kwa njia ya sheria, baada ya wenyeji kushtaki. Kujua nani hulisha mifugo wapi, nani ana haki ya kuongea kwa niaba ya jamii na nani anaogopa kupoteza nini, hiyo si kazi ya kufanywa kesi ikishafika kortini. Inafaa kufanywa kabla nguzo ya kwanza isimame.

Tushawahi kufanya poa

Usidhani haiwezekani. Lile jiko la bati lenye udongo ndani, lilianza kusambaa miaka ya 80 na hula makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Lilishika kwa nini? Mafundi wa jua kali ndio walilitengeneza na kuliuza, kwa soko zile zile, na linafanana na jiko ambalo watu walikuwa wamezoea. Hakuna mathe aliambiwa ajifunze kupika upya.

Hata wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi walikubali kwa ripoti yao ya 2022. Walisema tukisaidiwa kubadilisha vile tunakula, tunasafiri na kutumia nishati, hewa chafu kwa sekta hizo inaweza kupungua kwa asilimia 40 hadi 70 kufikia 2050. Ukitaka kujua watu wanabadilika aje, lazima uwasome watu.

Kwa hivyo ukisikia mpango mwingine umezinduliwa, usiulize tu ni megawati ngapi ama miti bilioni ngapi. Uliza ni nani alitumwa kukaa na mathe jikoni kabla hiyo namba iandikwe.

Na wewe ulisomea sosholojia na bado unatarmaki: kazi yako iko. Ni vile tu hawajajua wanakuhitaji.