Masisi na Walikale: Dekoda iliyozimwa kwa rimoti inakula batri kuliko mechi yenyewe

Katika vijiji vingi vya wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, nguzo za umeme hazijafika. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015 wilayani Rutshuru, kina megawati 13.8, lakini umeme wake unaelekea zaidi Rutshuru na Goma. Kwa wakaaji wa huku, anayetaka kutazama televisheni hununua plake ya sola, batri, dekoda na parabole.

Wengi husema televisheni ndiyo inayomaliza batri. Hesabu inaonyesha jambo lingine.

Televisheni ndogo ya LED hutumia wati 30 hivi. Dekoda, pamoja na kile kichwa cha parabole inachokilisha umeme, hutumia wati 12 hivi. Konvertisa, chombo kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220, hupoteza wati 8 hivi. Jumla ni 50. Kwa saa nne za habari na mpira, ni wati-saa 200. Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, yaweza kufikisha 400.

Kisha mechi inaisha, mtu anabonyeza rimoti na kulala. Taa nyekundu inabaki. Dekoda nyingi huendelea kutumia wati 8 hivi, na konvertisa nayo inabaki inafanya kazi. Wati 16 kwa saa 20 zilizobaki ni wati-saa 320. Hizo zinapita zile za kutazama! Plake ya wati 100, kwa siku yenye jua la kadiri, huingiza karibu kiasi hicho tu. Na milimani Masisi mawingu si haba.

Hasara ni kubwa kuliko kukosa mechi ya kesho. Wati-saa 320 zingechaji simu 15 au zaidi. Mwezi Machi 2025 M23 iliingia mji wa Walikale; nyakati kama hizo simu na redio zaweza kuwaambia watu ndugu zao wako wapi na barabara ipi ina usalama. Redio ndogo hutumia wati chache tu. Tena batri ya risasi ikishushwa kila siku chini ya nusu hufa mapema, na kununua nyingine si mchezo kwa mkulima.

Dawa haina gharama: zima konvertisa yenyewe, siyo rimoti tu. Anayenunua kifaa kipya aulize televisheni ya volti 12, na asome maandishi ya adapta ya dekoda. Nyingi ni za volti 12 pia, hivyo fundi anaweza kuziunga na batri kupitia kidhibiti volti, bila konvertisa.

Wauzaji nao wanapaswa kumwambia mteja hivyo kabla ya kupokea pesa yake.