Riziki ya Wageni wa Tumboni



Ijumaa iliyopita, tulipotoka kuswali katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, dada mmoja alitungojea nje na mtoto wake wa miezi minane. Ni mzaliwa wa Pwani, sasa anakaa Kangemi. Zahanatini alikuwa amepewa vipakiti vya unga wa virutubisho wenye madini ya chuma, autie katika uji wa mtoto. Mtoto akaanza kuharisha, na jirani akamwambia autupe. "Sheikh wangu," akauliza, "nikiutupa nitakuwa nimemdhulumu mwanangu?"

Tulimjibu: usiutupe, wala usikae kimya, rudi zahanatini leo hii ukaeleze. Kisha tukaondoka na swali lake, kwani linakaribiana na jambo lililokwisha kuchunguzwa huko huko kwetu Pwani.

Katika utumbo mpana wa kila mwanadamu huishi bakteria wengi mno. Wapo wema, kama bifidobakteria, na wapo wenye madhara, na wote wanatafuta riziki. Wale wema hupenda nyuzinyuzi na sukari fulani ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikawafikia. Nao huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwabana wale wabaya. Chakula cha namna hii wataalamu Gibson na Roberfroid walikiita pribiotiki mwaka 1995.

Ama madini ya chuma, mtoto hufyonza sehemu ndogo tu. Yanayosalia hushuka chini, na bakteria wenye madhara huyafurahia. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa ETH Zurich ya Uswisi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, uliofanywa kwa watoto 155 wa Pwani ya kusini ya Kenya. Kwa miezi minne walilishwa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho. Kundi la kwanza halikutiliwa chuma. La pili lilitiliwa miligramu 5 kwa siku. La tatu lilipata miligramu hizo hizo pamoja na gramu 7.5 za pribiotiki iitwayo galakto-oligosakaridi. Katika kundi la pili wema walipungua na wabaya wakazidi. Katika la tatu, hali ya utumbo ilikaribia ile ya watoto wasiopewa chuma.

Basi chuma si adui. Upungufu wa damu humdhoofisha mtoto mwili na akili. Kilichopungua ni riziki ya wale wema.

Riziki hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka pia katika maziwa ya mama. Yamo humo masukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuyasaga. Yanawalisha bifidobakteria wake. Hapo tunazidi kuona hekima ya miaka miwili kamili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Suratul Baqara. Dada yetu alikuwa karibu kumwachisha mwanawe ziwa kwa ajili ya kazi yake Westlands. Tulimsihi asifanye haraka. Akirudi jioni amnyonyeshe.

Nasi wakubwa je? Tuliolelewa kwa mbaazi za nazi asubuhi, tukihamia Nairobi tunashinda kwa mkate mweupe na chipsi. Kumbe masoko ya Kangemi na Kawangware yana kunde, mbaazi, vitunguu na ndizi mbichi. Hatusemi kwamba sufuria ya mbaazi ni sawa na kipimo cha watafiti. Lakini vyakula hivi vina nyuzinyuzi na sukari zinazowafikia wageni wetu. Wengi huviacha kwa kuogopa gesi. Gesi hiyo hutokana na bakteria wanapochachusha chakula. Anza kwa kiasi kidogo, roweka usiku kucha, mwaga maji ya kurowekea, upike mpaka ziive, na unywe maji ya kutosha.

Kisichosagika tumboni mwetu tusikihesabu kuwa taka. Huenda ni fungu la kiumbe mwingine ambaye afya yetu imeegemezwa kwake.

Mwenyezi Mungu awaafu watoto wetu na abariki vyungu vyetu. Amin. Wallahu a'lam.