Jambazi wa Tondo na Kura za Makabwela

SAFU YA MAONI
Na Salma Mwinyihaji

Filamu ya mapigano nchini Ufilipino, yaani ile inayosukumwa na ngumi, bastola na visasi, imezoea kuchota visa vyake katika maisha ya wahalifu wa kweli, na miongoni mwao Nicasio Salonga, aliyejulikana kama Asiong, ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi. Huyu aliongoza genge huko Tondo, eneo la makabwela lililosongamana karibu na bandari ya Manila, hadi alipouawa kwa risasi mwaka 1951. Miaka 10 baadaye alifufuliwa kwenye skrini na mwigizaji Joseph Estrada, ambaye sifa yake ya kuigiza watetezi wa wanyonge ilimwandalia njia ya kuwa meya wa San Juan, kisha seneta, na mwaka 1998 rais wa nchi, kabla ya tuhuma za ufisadi na maandamano makubwa kumng'oa madarakani Januari 2001.

Kisa hicho kilirudi mwaka 2011 katika Manila Kingpin, na safari hii Asiong aliigizwa na mtoto wa ndugu yake Estrada, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa jimbo la Laguna. Filamu hiyo, isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe, ilitunukiwa tuzo ya filamu bora katika Tamasha la Filamu la Metro Manila, ingawa mwongozaji wake, Tikoy Aguiluz, alitaka jina lake liondolewe baada ya kazi yake kuhaririwa upya bila ridhaa yake. Picha zake ni nzuri mno, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu damu isiyo nyekundu haimtishi mtazamaji, na jambazi aliyepambwa kwa vivuli na ukarimu humsahaulisha kwamba genge huishi kwa jasho la wachuuzi na makuli walewale ambao linadai kuwalinda.

Mwaka 2013, wakati wapigakura wa Manila, jiji ambalo Tondo ni sehemu yake, walipomchagua Estrada kuwa meya, Erik Matti alitoa On the Job, filamu ya wafungwa wanaotolewa gerezani kwa siri wakaue watu kwa malipo, kisha wakarudishwa ndani, huku nyuzi za biashara hiyo zikishikwa na jenerali anayewania useneta. Hiyo ndiyo filamu ya genge iliyo ya kweli zaidi, maana muuaji wake mkongwe, aliyeigizwa na Joel Torre, hagawi fedha mitaani wala hatetei mtu. Anamfunza kijana wa kurithi kazi yake kwa kuwa kifungo chake kinakaribia kwisha, na wakubwa bado wanahitaji mtu wa kutumwa.