Wazee na Vijana Wapige Wimbo Mmoja

Mwaka jana katika kurasa hizi mwenzetu wa Kidato cha Nne aliandika kwamba muziki wa wazee ni wa kusikizwa matangani na kwenye matatu za alfajiri. Wengi mlicheka. Hata mimi nilicheka, sikatai. Lakini neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima, na leo nachukua kalamu kumjibu. Nadhani alikosea. Na wale wazee waliomkasirikia walikosea pia, nitaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hapa Afrika Mashariki bendi nyingi zilijiita Jazz bila kupiga jazi ya Wamarekani. Shirati Jazz ya marehemu Daniel Owino Misiani ilipiga benga. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilipiga muziki wa dansi. Jina lilikuwa la heshima tu, kama vile kinyozi wa hapa mtaani alivyokiita kibanda chake cha mabati "Paris".

Sasa chukueni bendi mbili. Simba Wanyika ilikuwa ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanzania wakaja kuvuma hapa Nairobi. George alifariki mwaka wa 1992, Wilson akamfuata 1995, na bendi ikaishia hapo. Ya pili ni NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Ilibadilisha majina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kisha Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo, alifariki mwaka wa 2014 na bado bendi haikufa. Kwa nini? Najua kuna watakaosema ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na ala na mishahara, si ya ndugu wawili. Ni kweli. Lakini mshahara haumwonyeshi mtu pahali pa kuingilia kwenye wimbo. Hilo kijana huonyeshwa na mzee aliye kando yake, wote wakiwa na ala mikononi.

Tusiende mbali hadi Dar. Ukitoka hapa Huruma, ukavuka barabara ya Outer Ring na kuipita Kariobangi, unafika Korogocho. Huko kuna Ghetto Classics, iliyoanza mwaka wa 2008, ambapo watoto wa mtaa hufundishwa fidla, klarineti, tarumbeta na saksafoni. Tamasha la jazi la Safaricom lilipoanzishwa mwaka wa 2014, pesa za tikiti zilienda kuusaidia mradi huo, na vijana wa Korogocho wakapanda jukwaa lile lile la magwiji waliotoka ng'ambo. Mimi sikufika, tikiti ile si ya mtu wa Huruma. Lakini habari yake ilinifurahisha sana, maana kabla ya hapo mtaa ule ulitajwa kwenye redio kwa ajili ya jaa la taka la Dandora na wizi tu.

Lakini kushiriki jukwaa siyo lazima iwe kupiga pamoja. Katika sherehe zetu za mtaani watoto hupiga saa nane, jua kali, viti vitupu. Wazee hupiga jioni watoto wakishafukuzwa. Hakuna anayemsikia mwenzake. Halafu tunashangaa kwamba wao wanatuita wapiga kelele nasi tunawaita zilizopendwa!

Katika ploti yetu kuna mzee tunayemwita Mzee Besi. Zamani alipiga gitaa la besi katika baa za mjini, siku hizi anashona viatu. Likizo ya Aprili rafiki yangu aliyejifunza saksafoni kule Korogocho alikuja kwetu, tukapanda juu ya paa penye kamba za nguo, sisi watatu na gitaa lake bovu. Rafiki yangu alianza kupuliza bila kupumua. Mzee akaacha kupiga kabisa. Tulidhani amechoka.

"Ukijaza kila pahali," akasema, "mimi nitaingilia wapi?"

Wakaanza tena. Safari hii rafiki yangu aliacha nafasi, na besi ikaingia hapo, hata mama aliyekuwa akianua nguo akasimama. Baadaye rafiki yangu alichukua daftari la Hisabati akaiandika ile besi kwa noti. Mzee hajui kusoma noti. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akauliza, "Huyu ni mimi?" Kisha akaikunja akaitia mfukoni. Amepiga miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuiandika.

Ndiyo maana nasema wazee nao walikosea. Wanataka tuwaige kama kaseti, tusiguse kitu, tusilete kinanda. Mzee Besi hakutaka kuigwa. Alitaka kuachiwa nafasi.

Sasa ombi langu kwa mlezi wa chama na kwa mwalimu mkuu. Mwaka jana tuliomba mzee huyu aje apige nasi Siku ya Kiswahili, tukajibiwa kwamba mtu wa baa hafai mbele ya wanafunzi. Naelewa hofu hiyo. Hata mama yangu anayo. Lakini mwalimu anaweza kukaa pale pale karibu naye mchana kutwa, na mzee mwenyewe ameahidi kuacha sigara zake getini kwa askari. Vidole vyake vimeanza kutetemeka asubuhi. Mwaka ujao sijui kama bado ataweza kubonyeza ule uzi mnene.

Wimbo tumeshauchagua na mazoezi ni Jumamosi, juu ya paa kama kawaida. Tumekosa nyuzi mbili za besi na ruhusa ya shule. Nyuzi tunachangisha.