Kapu la Fundi wa Mitumbwi

Jioni moja nilikuwa Pasiansi, katika Manispaa yetu ya Ilemela, nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa chumbani mwa kijana mmoja mwandishi wa programu za kompyuta, nikimtazama akisaka kosa. Alikuwa amemtengenezea mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, daftari la kompyuta la kuhifadhi hesabu ya magunia, majina ya wateja na madeni yao. Na daftari hilo lilitumika miezi kadhaa pasipo lawama, hata siku ile mama yule alipolalamika kwamba wateja wake wawili wamegeuka wanne, kila mmoja akiwa na deni upande huu na malipo upande ule, na kwamba wote wawili wanaapa kuwa wamekwisha lipa.

Sababu yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutia haya. Namba ya simu ya Tanzania huandikwa kwa sifuri ikifuatwa na tarakimu 9, au kwa 255 na tarakimu zile zile 9, na wako wanaotanguliza alama ya kujumlisha, na wako wanaopenda kuacha nafasi katikati ili macho yasichoke. Kwa binadamu hao wote ni mtu mmoja. Kwa kompyuta, ambayo haina ada ya kukisia, ni watu wanne. Kijana alilijua jambo hilo, na kanuni ya kuzisafisha namba alikwisha iandika; ila aliiandika katika ukurasa wa kusajili wateja, akainakili katika ukurasa wa madeni, akainakili tena katika risiti na katika ujumbe wa kukumbusha, na kila aliponakili alibadili kidogo. Kanuni ya kwanza ilikubali namba za 07 peke yake; wateja wa 06 walipoanza kunung'unika, alirekebisha mahali patano.

"Nimehesabu, mzee," akaniambia. "Niliiandika mara saba, na hiyo ya saba nadhani nilikuwa na usingizi."

Dawa ya maradhi haya ni kongwe kuliko Jamhuri yetu. Mashine ya EDSAC ilianza kazi Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, na Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walipochapisha kitabu chao juu ya uandishi wa programu mwaka 1951, tayari walikuwa na hazina ya kanuni ndogo ndogo, ya kutafuta logi, ya kutafuta vipeuo, ya kuchapa namba, kila moja imetobolewa juu ya utepe wake wa karatasi na kuwekwa kabatini. Mwenye haja akautwaa, akaunakili kwa mashine, akauunga na kazi yake, wala hakuhitaji kufikiri upya jambo lililokwisha fikiriwa na kujaribiwa. Watu wa Java, lugha ya kuandikia programu, hufanya vivyo hivyo kwa kitu wanachokiita klasi saidizi, ambayo ni fungu la kazi ndogo zisizoweka kumbukumbu yoyote, unazikabidhi neno au namba nazo zakurudishia jawabu, mfano wa klasi ya Math iliyokuja na Java tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996.

Wako wanazuoni wa fani hii wanaozichukia klasi hizi, wakidai kwamba kila kazi ingestahili kukaa ndani ya kitu kinachohusika nayo, na kwamba klasi saidizi ni ajizi iliyovishwa joho. Nami nawakubalia nusu, maana nimeona kwa macho yangu klasi iliyoitwa Utils, yenye mistari zaidi ya elfu mbili, ambamo simu, kodi, picha na nywila vilikaa pamoja kama takataka za jaani. Mafundi wa mitumbwi wa ufuoni kwetu hubeba kapu lenye tezo, randa, msumeno, keekee na patasi, pamoja na pamba ya kukalafati. Sijapata kumwona fundi aliyetia mle samaki wa mboga. Ninachokitaka ni klasi chache, fupi, zenye majina ya kazi zao: Simu, Saa, Fedha.

Na hapo kwenye saa ndipo ninapotaka kutua, kwa kuwa ndipo maktaba za kanuni zilizotungwa na wageni zinapotuacha ufuoni. Java ilipata maktaba nzuri ya tarehe na saa katika toleo la 8, mwaka 2014, na asiyeitumia anajidhulumu; walakini maktaba hiyo huanza siku usiku wa manane, ilhali sisi twahesabu saa zetu tangu mapambazuko na tangu machweo. Karani akiandika saa 2 asubuhi, kompyuta isiyoelezwa husoma saa nane usiku. Hata ule mwanzo ambao kompyuta nyingi huhesabia sekunde zake, yaani usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, huku ziwani ulikuwa saa tisa usiku.

Kijana wangu aliwahi kudhani kwamba jawabu ni kutoa sita. Akatoa: 8 ya kompyuta ikawa saa mbili, 11 ikawa saa tano, akafurahi, akalala. Kulipokucha, risiti ya mtumbwi uliofika saa kumi na mbili asubuhi ilitoka imeandikwa "saa 0", na ya mwenzake aliyetangulia saa tisa usiku ikatoka "saa -3", na wachukuzi wa Mwaloni wakapata jina la kumtania kwa juma zima. Sharti ilikuwa kujumlisha sita, kugawa kwa kumi na mbili, kushika baki, na baki likiwa sifuri kuandika kumi na mbili: mistari mitatu, ambayo kwa jinsi alivyozoea ingenakiliwa mara saba.

Tena liko swali ambalo hesabu hailitatui. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mtumbwi unaotoka Ijumaa jioni hurudi Jumamosi alfajiri. Sisi husema usiku wa kuamkia Jumamosi, na wazee wa pwani wangeuita usiku wa Jumamosi tangu jua lilipozama. Je, deni la mzigo ule liingie tarehe ipi? Hilo ni suala la mila na mapatano ya wauzaji, na jawabu lake, lo lote litakalokubaliwa, lapasa kuandikwa mahali pamoja penye jina, ili anayelibishia ajue pa kwenda.

Wala sisemi tuokote kila kisaidizi kinachogawiwa bure. Machi 2016 mwandishi wa programu Azer Koçulu aliziondoa kazi zake katika npm, ghala la kanuni za kugawana, na miongoni mwazo left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa neno, na programu nyingi duniani zilizoitegemea zikashindwa kujengwa. Mistari 11 mtu huiandika mwenyewe kabla chai yake haijapoa. Elimu ya kuficha siri kwa tarakimu, hiyo na aiache kwa mabingwa wake.

Usiku ule wa kusaka kosa, kijana alifuta kanuni sita, akabakiza moja ndani ya klasi aliyoiita Simu, kisha akaijaribu kwa namba ishirini za kila sura. Na ikadhihirika kwamba kanuni ya zamani ilimbandika 255 kila mteja, hata yule wa Goma, kwa kuwa namba za Kongo nazo zina sifuri na tarakimu 9, na namba ya nchi yao ni 243. Sasa klasi humuuliza mwandishi kwanza: ya nchi gani? Asubuhi yake mama alipiga simu kutoa shukrani. Wateja wamerudi kuwa wawili, alisema, na hesabu zao zimekaa pamoja. Na mmoja wao, kumbe, kweli hajalipa.