Mkwe asiyependa bia, tummiminie nini?

Desemba haiko mbali. Wapare walioko Dar es Salaam na Arusha wataanza kushuka kwenye mabasi hapa Kifaru, wengine wakiwa na wachumba. Na jambo lilelile litatokea: meza imejaa chupa, binti mgeni ameonja funda moja, uso umemkunjamana, mashemeji wanacheka. "Atazoea tu!" Sioni kwa nini azoee.

Mzazi, muulize kwanza ni nini hasa hakimpendezi. Wengi wanaosema hawapendi bia wanachokichukia ni uchungu, na uchungu huo hutoka kwenye maua ya hopsi. Wapishi wa mbege wanalielewa hili bila kufundishwa, kwa sababu wao uchungu wanautia kwa magome ya msesewe: ukizidisha, ulimi unakataa. Mbege changa bado ina utamu wa ndizi, ikikaa inakuwa kali. Mgeni wa namna hii mpe kata ndogo ya mbege changa, huenda akaipenda kuliko chupa yoyote.

Kwa bia za dukani, njia rahisi ni kuchanganya nusu kwa nusu na Sprite, iwe baridi sana. Uchungu unapungua, na kilevi kinapungua kwa nusu. Wengine watamletea Savanna, ambayo kwa kweli si bia, inatokana na tufaha.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapojidanganya. Tunadhani kinywaji kitamu ni chepesi, kumbe utamu unaficha tu. Soma asilimia kwenye chupa, halafu tazama na ukubwa wake. Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari ni 5.5. Tofauti ya moja tu, utasema. Lakini nusu lita ya Safari ina kilevi kinachokaribia mara mbili ya chupa ya mililita 330 ya Kilimanjaro. Mbege na dengelua ya miwa hazina hata karatasi ya kusoma, kwa hiyo mgeni anywe taratibu, tena akiwa ameshakula. Wadogo walio chini ya miaka 18 wasionjeshwe, hata iwe tamu kama juisi. Na atakayeshika usukani kwenye barabara ya Moshi na Tanga asiguse kabisa.

Yupo pia ambaye shida yake si ladha. Anatumia dawa, au imani yake haimruhusu, au ana mimba ambayo hata mama mkwe hajaambiwa. Huyo ukimsonga mbele ya watu utamlazimisha ama anywe, ama aseme siri yake mezani. Mwambie mapema kijana anayegawa vinywaji: shemeji akiomba Grand Malt au soda, mmiminie kwenye glasi kama ya wenzake, na asiulizwe mara ya pili.