Ghala la Maji ni Mlima

Mgeni apitaye Mwandiga akielekea Kasulu au Manyovu hushangaa kuambiwa kuwa kuna shida ya maji. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachokaribia mita 1,470, li karibu mno upande wa magharibi. Lakini ziwa halipandi mlima. Maji yake hayana budi kusukumwa kwa mitambo, na mitambo haiendeshwi bure. Ndiyo sababu wananchi wengi wa vilimani hutegemea chemchemi na vijito, ambavyo vingi huishia katika mto Luiche, umwagao maji yake ziwani kusini ya Ujiji.

Mto Malagarasi, ulio mkubwa zaidi, una akiba yake: mabwawa ya Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yaliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ya kwanza nchini. Mabwawa hayo hupokea maji ya masika na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Luiche hauna ghala kubwa la namna hiyo. Ghala lake ni udongo wa vilima, na mlinzi wa udongo huo ni miti. Miti ikimalizwa kwa kuni, mkaa na mashamba, maji ya mvua huteremka siku ile ile na kuchukua udongo hadi ziwani, yakafukia mazalio ya samaki. Ifikapo Agosti akina mama hubeba ndoo mwendo mrefu, na watu husema ni ukame. Mara nyingi mvua ilinyesha. Mahali pa kuiweka ndipo palipokosekana.

Mwaka 1971 TANU iliazimia kuwa ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani kwake. Wengi walidhani kazi hiyo ni mabomba tu. Bomba lililotegwa kwenye chemchemi iliyokufa ni chuma tupu.

Sheria ya mwaka 2009 inalinda mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Hata hivyo, mkulima aliyeshuka bondeni kwa sababu shamba lake la mlimani limechoka hawezi kufukuzwa kwa tangazo la ukutani. Serikali ya kijiji impatie kwanza ardhi nyingine, na bwana shamba amwonyeshe kulima kwa matuta. Walimu nao wana bustani za miche na vijana wenye nguvu, mradi wasipande mikaratusi kando ya chemchemi, kwani mti huo hunywa maji mengi. Miche ipandwe Novemba, mvua zianzapo. Kufika Mei iwe imekwisha kushika mizizi.